Hariri ya Sharifu Mgeni

Maiti ya Amedeus ilikuwa imelazwa ubavu wa kushoto, uso umeelekezwa kibla, macho yamefumbwa. Ilifunikwa mpaka mabegani kwa shuka la kijani lililotolewa juu ya kaburi. Aliyeua alikuwa na adabu, au alitaka aonekane anayo.

Kaburi lenyewe lilikuwa hapo hapo pembeni, porini, nje kidogo ya kijiji cha Fukayosi. Lilijengewa ukuta mfupi wa chokaa na kuezekwa bati. Watu wanaliita kaburi la Sharifu Mgeni. Wanasema alishuka kutoka mawinguni na nguo nyeupe, akafia kijijini, akazikwa kwa heshima. Wenye shida huja kuweka nadhiri: mwenye kutafuta mtoto, mwenye kesi, mwenye mume asiyerudi nyumbani. Jambo likijibiwa, wanarudi na nguo mpya ya kulifunika kaburi.

Inspekta Shamsia alilijua vizuri. Mama yake alikaa miaka mingi bila mtoto, akaja kupiga magoti hapa, ndipo akazaliwa yeye. Kituoni hakuwahi kumwambia mtu. Askari mpelelezi mwenye deni la shukrani kwa kaburi si habari ya kutangaza.

Alichuchumaa, akatazama. Jiwe la kichwani la Sharifu lilikuwa upande wa mashariki. Kichwa cha Amedeus kilikuwa magharibi. Marehemu wawili walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Kitu kikamkera rohoni. Hakukisema, akakiweka akiba.

"Afande, hii mbona nyepesi?" Koplo Clara alisema. Alikuwa binti wa familia ya Kikristo kutoka bara, mchapakazi, ila mwepesi wa kufunga mafaili. "Marehemu alikuwa Mkristo. Nani angemgeuza kibla kama si Muislamu? Na hapa Muislamu mwenye kisa naye yupo mmoja."

Alikuwa anamwangalia Mzee Mikdad, mtunza kaburi, aliyesimama peke yake na ufagio wake mkononi. Ndiye aliyeikuta maiti asubuhi hiyo alipokuja kufagia. Wanakijiji walisimama mbali naye, na umbali ule ulikuwa hukumu tayari.

Daktari alisema marehemu alipigwa pigo moja kisogoni, kwa kitu kizito cha mviringo, na kwamba alikufa tangu mchana wa jana. Mwenyekiti wa kijiji akaongeza la kwake. Miezi michache iliyopita Amedeus na mzee waligombana mbele za watu. Mzee aliapa kwamba atakayetia jembe kwenye kaburi lile atamfuata mwenye kaburi. Mwenyekiti alilisema hilo kwa huzuni, lakini alilisema mara mbili.

Amedeus hakuwa mgeni wa majembe wala wa makaburi. Alikuwa fundi wa ndege za jeshi, na alipostaafu alijipa kazi asiyotumwa na mtu: kutafuta zilikoangukia ndege za kijeshi za zamani, na kujua marubani wake waliishia wapi. Aliwapenda wale watu wa enzi za ndege za mbao na turubai, ambao wa mwanzo wengi wao walipaa bila hata parachuti, na waliokuja baadaye wakapewa parachuti wasiyoiamini. Ndege aliyoitafuta huku iliungua porini mwaka 1933. Rubani wake aliruka. Tangu siku hiyo hakuonekana yeye wala parachuti yake.

Mzee Mikdad alipelekwa kituoni Bagamoyo. Shamsia alimwamkia kwanza, maana umri ni umri hata mbele ya kesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Shambani kwangu. Napalilia mihogo."

"Nani alikuona?"

"Mihogo."

Clara aliguna. Shamsia akasukuma simu ya marehemu mbele ya mzee.

"Jana asubuhi alikupigia. Alisema nini?"

"Salamu."

"Salamu ndefu hivyo?"

"Sisi watu wa pwani. Salamu zetu ndefu."

"Mzee, unajua kosa la kuua adhabu yake ni nini?"

"Najua."

"Na bado alikupigia kukusalimu?"

Mzee Mikdad alitazama mikono yake, yenye udongo kwenye kucha.  Alikuwa anaficha jambo, hilo lilionekana wazi, na jambo hilo alilipenda kuliko shingo yake. Aliwekwa mahabusu. Mkubwa wa Shamsia alipiga simu kupongeza, akauliza lini faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka. Shamsia akasema bado kidogo. Mkubwa akasema kidogo kisizidi wiki.

Akaenda nyumba ya wageni alikopanga marehemu, mjini. Mwenye nyumba, Mwanamkasi, alikuwa mwanamke mnene wa maneno na wa mwili, na alikuwa amelia mpaka kope zimevimba. Akamfungulia chumba.

Ukutani kulikuwa na picha za ndege zilizovunjika. Mezani palikuwa na kibanio, mshumaa uliotumika na visosi viwili. Katika kisosi cha kwanza kulikuwa na majivu laini. Shamsia alipoyagusa yakasagika, na bado yalinuka nywele zilizoungua. Katika kisosi cha pili kulikuwa na kitone cheusi, kigumu, kimegandia kwenye kisosi chenyewe. Alijaribu kukibandua kwa ukucha, kikakataa.

Hakuhitaji maabara kujua amekuta nini. Kila mwanamke wa pwani aliyewahi kubambikwa kanga isiyo ya pamba anajua kuchoma uzi. Hariri halisi hunuka nywele na kugeuka majivu. Nailoni huyeyuka ikaganda. Amedeus alipima nguo mbili, na moja ilikuwa ya uongo.

"Nani alikuwa anakuja kumwona?" akamuuliza Mwanamkasi.

"Mwalimu Leodgar tu. Yule mstaafu wa historia. Walikuwa kama ndugu, mwanangu. Ila siku ya mwisho alitoka humu amenuna, chai yangu kaiacha mezani imefunga utando."

"Waligombania nini?"

"Sikusikiliza." Mwanamkasi akajifuta pua. "Nilipita tu na ufagio. Nikamsikia marehemu anamwambia, kaka, kiondoe kile kitambaa kabla mgeni hajafika."

"Na asubuhi yake?"

"Marehemu kaaga kwa furaha. Nikamuuliza unakwenda wapi na uso unang'aa hivyo? Kasema anakwenda Fukayosi kumwombea mtu ruhusa."

Shamsia alilirudia neno hilo njia nzima. Mtu haendi kumwombea mwenzake ruhusa kwa mtu aliyeapa kumuua.

Mwalimu Leodgar aliwapokea Shamsia na Clara kwa heshima zote. Alikuwa mrefu, msafi, na bakora yake ya mpingo yenye pete nzito ya chuma hakuiacha hata ndani ya nyumba. Alimlilia Amedeus kwa maneno mazuri yaliyopangwa vizuri. Kisha, bila kuombwa, akawaonyesha sebule yake, ambayo alikuwa ameigeuza chumba cha kumbukumbu. Kilikuwa kifunguliwe juma lijalo, na mgeni wa heshima angekuwa mjukuu wa rubani yule wa 1933, anayetoka Ulaya.

Katikati lilikaa sanduku la kioo. Ndani yake mlikunjwa kitambaa cheupe. Juu yake ilitundikwa picha ya mzee mwenye rozari shingoni.

"Huyu ni babu yangu, katekista Tarcis wa Lugoba," mwalimu alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikatoka bila kupangwa. "Rubani alimwangukia yeye. Babu akamuuguza, akamzika Kikristo, akahifadhi parachuti yake. Wakoloni wakadai amemuua na kumwibia. Akafia gerezani. Baba yangu aliitwa mtoto wa muuaji mpaka anaingia kaburini. Mimi nimemsafisha."

"Pole sana, mwalimu," Shamsia alisema, na alimaanisha. Halafu akauliza kama anaweza kupata uzi mmoja wa kitambaa kile.

"Wa nini?"

"Kuuchoma."

Leodgar alicheka. Akasema kumbukumbu ya taifa haichomwi kwa kiberiti. Shamsia akamuuliza alikuwa wapi siku ya mauaji, akajibu alikuwa humo ndani peke yake, anapanga viti. Fukayosi kwenye kaburi lile hajawahi kufika maishani, maana hayo mambo ya nadhiri si imani yake. Alipokuwa anawasindikiza, Shamsia aliiangalia ile pete ya bakora. Ilisuguliwa mpaka inang'aa kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, na mpelelezi mzoefu haamini kitu kisafi mno.

Akarudi kwa Mzee Mikdad. Safari hii alimwacha Clara nje, akavuta kiti karibu.

"Mzee, mimi mama yangu nilimwosha kwa mikono yangu na shangazi zangu. Tulipomaliza, tukamkabidhi kwa wanaume. Niambie wewe unayezika. Maiti analazwaje?"

 Mzee akakilaza kiganja chake mezani, taratibu, ubavu wa kulia.

"Kulia. Uso kibla."

"Na yule wa kaburini kwako?"

"Alilazwa kushoto, kichwa kimekwenda kusikokwenda. Niliona nilipomkuta."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningeaminiwa na nani?"

 Toka asubuhi ile jambo hili ndilo lililomkera. Mtu wa pwani anaweza kuua, dhambi haina kabila. Lakini kumlaza maiti kushoto mkono wake ungekataa wenyewe. Aliyemlaza Amedeus aliijua desturi kwa kuisikia, akaigiza ili mwingine anyongwe.

"Mzee, nimeona majivu chumbani kwake. Alichoma uzi wa hariri. Uzi ule ulitoka kaburini?"

Uso wa mzee ulikunjamana.

"Ukisema, watakuja na majembe," akasema. "Watamtoa. Watampeleka kwao kwenye masanduku."

"Siwezi kukuapia. Mimi ni askari. Ila mama yangu alileta nguo kwenye kaburi lile, na mimi ndiye sababu ya nguo hiyo. Sitakuuliza ila ninalolihitaji."

Mzee Mikdad akafunika uso kwa viganja. Alipoanza kusema, alisema bila kusimama. Chini ya nguo zote za nadhiri, ile ya chini kabisa, ni parachuti. Babu yake alimkuta rubani ananing'inia mtini, kifua kimevunjika. Alimficha nyumbani, akamuuguza, lakini rubani akafa. Mgeni hazikwi kama mbwa, babu alisema, akamzika kwa namna pekee aliyoijua, ubavu wa kulia. Kisha ikaja habari kwamba huko Lugoba amekamatwa katekista, anashitakiwa kwa kumuua mzungu yule yule. Babu aliogopa. Alijua akifungua mdomo atakamatwa yeye. Akanyamaza, na katekista akafa gerezani. Watu walipoanza kusema aliyezikwa pale ni sharifu, babu aliwaacha waseme, kwa sababu sharifu haulizwi alitoka wapi.

"Kwa hiyo ugomvi wenu ulikuwa huo?"

"Mwanzo. Baadaye tulipatana. Nilimwapisha, naye akaapa hatasema. Nikampa uzi mmoja ahakikishe. Ile simu ya asubuhi, aliniambia mjukuu wa yule katekista ni rafiki yake, na anaharibikiwa kwa kutoijua kweli. Akaniomba ruhusa amwambie. Nikasema njoo naye, tuzungumze uso kwa uso. Nikachelewa shambani. Nilichelewa makusudi, mwanangu. Niliona haya kuonana na mtu huyo."

Shamsia alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa kituo. Sharifu wa mama yake alikuwa rubani wa kizungu aliyevunjika kifua. Alingoja achukie, au acheke. Alichoona ni mama yake tu amepiga magoti pale, anaomba. Aliyeombwa hakuwa rubani hata hivyo, alikuwa Mungu, na Mungu haangalii nani kazikwa pale.

Hati ya upekuzi ilitoka. Walichukua kitambaa cha sandukuni na bakora ya mpingo. Uzi wa kitambaa uliyeyuka mbele ya macho ya Clara, ukaganda kitone cheusi. Parachuti ya mwaka 1933, na nailoni ilikuwa bado haijatengenezwa duniani. Bakora ikapelekwa maabara. Walipoivua ile pete ya chuma, iliyosuguliwa vizuri nje, ndani yake palikutwa damu iliyokauka.

Leodgar aliitwa kituoni. Alikuja na tai. Shamsia alimwonya kwa mujibu wa sheria, akamwambia anaweza kunyamaza au kuita wakili. Mwalimu akasema hana la kuficha. Watu waliozoea kufundisha hawajui kunyamaza.

"Mwalimu, umefundisha historia ya pwani miaka mingi. Nisaidie. Maiti wa Kiislamu hulazwa vipi?"

"Uso kibla."

"Ubavu gani?"

"Wa kushoto. Ndiko uliko moyo."

Kalamu ya Clara ilisimama. Yeye mwenyewe asingejua, siku chache zilizopita.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Inajulikana."

"Haijulikani hivyo, mwalimu. Ni wa kulia. Mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Kushoto tumemwona mmoja tu, Amedeus."

Leodgar akapeleka mkono kando ya kiti, palipozoea kukaa bakora.

"Ndani ya pete ya bakora yako kuna damu," Shamsia akaendelea. "Maabara wamesema ya nani. Kitambaa chako ni nailoni, na Amedeus alikwambia. Mwanamkasi alisikia. Uliniambia Fukayosi hujafika. Unataka kulirudia hilo?"

Mwalimu aliilegeza tai yake. 

"Nilikinunua Dar," alisema hatimaye. "Kwa muuza masalia ya jeshi. Sikuwa na ushahidi, nikautengeneza. Babu yangu hakuua, hilo nalijua tangu mdogo, lakini kujua si ushahidi. Yule mjukuu aliniandikia, anashukuru. Anashukuru, unaelewa? Mara ya kwanza jina la Tarcis linashukuriwa. Halafu Amedeus ananichomea uzi mbele ya macho yangu, ananiambia kiondoe."

"Fukayosi mlikwendaje?"

"Kwa gari langu. Alisema twende, kuna mzee nikaonane naye. Kufika, mzee hayupo. Akakaa ukutani pale, anatabasamu. Kila nikimuuliza kuna nini, ananiambia subiri mzee arudi, utafurahi. Utafurahi. Nikajua ananipeleka kuaibishwa mbele ya watu. Alinigeuzia kisogo kutazama njia. Nilipiga mara moja tu."

"Na ukamlaza kibla."

"Nilisikia mzee yule aliwahi kumtishia. Nikaona wataamini."

"Tuliamini," Clara alisema kwa sauti ndogo, akainamia karatasi yake.

Kazi ilikuwa imekwisha. Shamsia angeweza kuinuka. Lakini Mzee Mikdad, alipoachiwa huru asubuhi ile, alikataa kuondoka. Alikaa kwenye benchi la kituo, akamwambia: mwambie yule mtu. Nyumba yetu ilinyamaza mara moja, akafa asiye na hatia. Mara hii nitasema hata mahakamani, na wakija na majembe nitasimama mbele yao nizungumze nao.

Kwa hiyo Shamsia alimwambia. Alimwambia habari za mti, kifua kilichovunjika, hariri iliyo chini ya nguo zote, na babu mwingine aliyeogopa. Alisema polepole, bila kupamba.

"Babu yako hakuua mtu, mwalimu. Hakumwona hata huyo rubani. Amedeus aliyajua yote, ila alikuwa ameapa. Ruhusa aliyokwenda kuomba ilikuwa ya kukwambia wewe."

Leodgar alimwangalia kana kwamba hamwelewi Kiswahili chake.

"Alijua?"

"Alijua."

"Pale ukutani, alipokuwa anatabasamu?"

"Alikuwa anafurahi kwa ajili yako."

Mwalimu hakulia. Alikaa tu, mabega yameshuka, anazeeka mbele yao. Clara alimsomea maelezo yake ya onyo tangu mwanzo, akampa kalamu atie sahihi. Aliishika, asiandike.

"Hayo ya babu umeyaandika?"

"Hayo aliyasema afande," Clara alijibu. "Si maelezo yako."

"Yaandike. Tafadhali. Andika katekista Tarcis wa Lugoba hakumuua yule rubani, na andika yupo mtu atakayeapa."

Clara alimtazama mkubwa wake. Shamsia akatikisa kichwa kukubali. Koplo akaongeza mistari miwili chini ya karatasi, kwa mwandiko mzuri kuliko wa juu. Leodgar akaisoma akiifuata kwa kidole, akatia sahihi, na Shamsia akalifunga faili la mauaji ambalo ndani yake, kwa mara ya kwanza, serikali ilikuwa imeandika kwamba mzee Tarcis alikuwa mtu safi.